Naomi na Pedali ya Tatu

Watu wa Ngonga wakikupenda, jiandae. Watakubeba hata kama hujaomba kubebwa, na wakishakutua watasubiri shukrani. Naomi, fundi cherehani, alilijua hilo kabla hajajua kusoma, maana alianza kubebwa akiwa mtoto mdogo, mwaka ule homa ilipomshika na kuondoka na nguvu zote za mguu wake wa kushoto. Hospitali walisema ni polio. Mama yake alisema ni mtu, akamtafuta mtu huyo maisha yake yote na akafa bila kumpata.

Kaka yake Lameck ndiye aliyempeleka shule. Alimkalisha kwenye keria ya baiskeli, akaufunga ule mguu kwa kipande cha kanga ili usiingie kwenye spoki, wakaondoka. Wakati wa masika, baiskeli ikikwama kwenye tope, alimweka mgongoni na kuendelea kwa miguu. Hakulalamika hata siku moja. Naomi naye hakumwambia hata siku moja kwamba alitamani kuachwa nyumbani, kwa jinsi watoto wengine walivyokuwa wakimwimba njiani. Hao wawili walianza mapema kufichana mambo kwa sababu ya kupendana.

Alipokua alijifunza kushona. Cherehani ya miguu inataka miguu miwili, lakini Naomi aliipiga kwa mguu mmoja wa kulia mpaka paja la upande huo likawa gumu kama la mcheza mpira. Alishona sare za shule, sare za kwaya, magauni ya harusi na mashati ya waume wasiojua vipimo vyao wenyewe. Hakuolewa. Alikuwepo mwanamume mmoja wa Ipyana aliyekuja mara mbili, mara ya tatu akaja na mama yake, mama akamwona Naomi akitembea, na hadithi ikaishia hapo. Naomi alilia wiki nzima, halafu akamshonea yule mama gauni aliloagiza, na akalishona vizuri. Mimi nisingelishona.

Akiwa na miaka arobaini na kitu akanunua gari. Ilikuwa Starlet ndogo nyeupe, imeshatumika na wengine wengi kabla yake, na ilikuwa otomatiki. Hapo ndipo palikuwa na siri yote. Gari la otomatiki lina pedali mbili tu, ya mafuta na ya breki, na zote mbili ni kazi ya mguu wa kulia. Mguu wa kushoto unakaa pembeni kama mgeni. Alijifunzia kwenye uwanja wa mpira, akang'oa goli moja, akalilipa, na baada ya hapo hakuna aliyemwendesha tena.

Ungemwona siku hizo! Alikuwa akipita na kioo kimeshushwa, kiwiko nje, akiwasalimia watu, "Ugonile!", kabla wao hawajamsalimia. Alipeleka sare mwenyewe mashuleni. Alibeba magunia ya watu, wagonjwa wa watu, na maharusi wa watu. Zaidi ya yote alikwenda Ipyana kwa mdogo wake Kisa, wa mwisho kuzaliwa kwao, mjane, ambaye moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka. Miguu ya Kisa ilivimba, pumzi ikawa fupi, na madaktari wakasema kwa lugha yao ya upole kwamba hakuna haraka wala hakuna matumaini. Kila baada ya siku chache Naomi aliwasha gari akaenda. Alimsuka nywele, akamlisha, wakasengenya ndugu mpaka Kisa akakohoa kwa kucheka.

"Dada, siku nikikuita uje," Kisa alimwambia. "Usimtume mtu. Uje wewe."

"Nitakuja mwenyewe. Na nani atanizuia?"

Basi masika ya mwaka juzi mto ukavunja kingo. Naomi alikuwa njiani kwenda Ipyana, maji yakaingia kwenye injini, gari likazima katikati ya barabara. Vijana wakamtoa, wakampakia kwenye baiskeli na kumvusha mpaka kwa Kisa. Aliwakabidhi funguo ili walisukume tu pembeni maji yasilichukue. Kuwaambia wasilivute hakukumjia, maana hakujua kama ni jambo la kusema.

Lameck alipopata habari alikuja mbio. Gari la dada yake kulala kwenye maji? Haiwezekani. Maji yalipopungua akasimamisha lori la mpunga lililokuwa likienda mjini, wakafunga kamba, akakaa mwenyewe kwenye usukani. Magurudumu yakakataa kuzunguka. Akavuta ule mkono wa gia huku na huku mpaka magurudumu yakaachia, akaridhika. Mkono ulikuwa umeingia kwenye gia ya kwendea mbele, injini ikiwa imezimwa, na lori lilikuwa na haraka zake. Giaboksi ya otomatiki ikiburutwa hivyo haipati mafuta. Inajisaga yenyewe ndani kwa ndani. Lameck alifika gereji ya Bondeni, mjini Kyela, akiwa amelowa, ameshikilia usukani kwa mikono miwili, na furaha tele.

Fundi aliyekuwa akimtengenezea Naomi gari aliitwa Fortunatus, mtu wa kuja. Mkewe Glory ni muuguzi aliyehamishiwa huku, naye akamfuata na visanduku vyake vya spana. Alikausha injini, ikawaka. Akaingiza gia, gari halikwenda. Akafungua mafuta ya giaboksi, yakatoka meusi, yananuka kuungua, yana vipande vya chuma.

"Nani alilivuta hili gari?"

"Mimi," alisema Lameck kwa kujivuna.

Fundi akamweleza. Nasikia Lameck alikaa chini kwenye tairi bovu. Kisha akauliza kama inapona.

"Hii haiponi. Nyingine ya otomatiki ni shida kupatikana na bei yake inatisha, na ikija ni bahati nasibu. Kama ni mimi, ningetoa hii nikaweka gia za mkono. Zipo, na hazisumbui. Lakini mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko kwa mgonjwa, usimsumbue. Sisi ndio tulioharibu, sisi ndio tutakaotengeneza. Nataka alikute limekaa uani linang'aa."

"Gia za mkono anaziweza?"

"Naomi?" Lameck alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Naomi anaendesha kuliko wanaume."

"Basi. Ni kuzoea klachi tu."

Sasa hapa inabidi mtu awe mwadilifu kabla hajakasirika. Lameck aliijua klachi. Aliishika kila msimu kwenye pawatila yake ya kulimia mpunga, ni mkono wa chuma unaobana kwa vidole. Vijana wa bodaboda nao waliijua, ipo kwenye usukani wa pikipiki, unaibana kwa mkono wa kushoto. Mtaani kwao kila mtu aliijua klachi, na wote waliijua kuwa kitu cha mkononi. Na mikono ya Naomi ilikuwa na nguvu kuliko ya yeyote. Fundi naye, aliyejua kwamba kwenye gari klachi inakanyagwa kwa mguu wa kushoto, hakuwahi kumwona Naomi amesimama. Miaka yote hiyo Naomi alifika gereji, akapiga honi, akashusha kioo, "Fundi, njoo usikilize hapa." Hakushuka. Hakupenda wageni wamwone akitembea. Kwa Fortunatus alikuwa mama wa dirishani, mwenye sauti, mwenye gauni refu la kitenge, mcheshi. Walioujua mguu hawakuijua pedali, na aliyeijua pedali hakuujua mguu.

Watu wakachangishana. Huyu alitoa mpunga, yule kakao, wanakwaya wakatoa walichokuwa wameweka kwa safari yao. Lameck aliuza maksai wake mmoja, na mtu anayelima kwa maksai akiuza mmoja, yule aliyebaki ni mapambo tu. Pawatila yenyewe ilikuwa mbovu tangu mwaka uliopita.

Fortunatus akaanza kazi. Aliinua gari juu ya magogo, akachomoa shafti, akalegeza bolti moja moja, na ile giaboksi ya otomatiki, nzito na ya mafuta mafuta, akaishusha taratibu juu ya tairi akishirikiana na jirani. Akaweka ya mkono aliyoitoa kwenye gari lililokufa kwa ajali. Akafunga sahani ya klachi, akatoboa sakafu kwa ajili ya mkono wa gia, akavuta waya. Mwisho akaingia chini ya usukani kupanga pedali. Ile breki pana ya otomatiki akaing'oa, akaweka nyembamba, na kushoto kwake akaipachika pedali ya tatu. Ndipo alipoona kwamba zulia la upande wa kushoto lilikuwa jipya kabisa. Upande wa kulia limechakaa limetoboka, kushoto halina hata alama ya kiatu. Akafikiri, huyu mama ni msafi.

Kisa alipata nafuu kidogo, Naomi akarudi Ngonga kwa bajaji bila kujua chochote. Siku ya kukabidhiwa aliambiwa tu asitoke ndani. Akasikia honi yake, akasikia vigelegele, akasikia kwaya. Akachukua fimbo yake akatoka.

Fundi Fortunatus alikuwa amesimama kando ya mlango wa dereva, funguo mkononi, tabasamu usoni. Alimwona Naomi akishuka kizingiti: fimbo kwanza, mguu wa kulia, halafu ule wa kushoto ukiburutwa nyuma ukichora mstari kwenye mchanga. Tabasamu likaondoka. Akaliona tena lile zulia, akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Naomi alifika, akaegemea mlango, akachungulia ndani. Aliona mkono mrefu wa gia. Aliona pedali tatu. Akazitazama kama mtu anayetazama maiti ili awe na hakika. Nyuma yake watu walikuwa wakiimba, Lameck akilia waziwazi, kamasi na machozi, akisema dada nisamehe, dada tumekurudishia.

"Mama," fundi alinong'ona, "mimi sikujua..."

"Nyamaza, baba," Naomi alisema bila kugeuka. "Nakuomba. Nyamaza."

Kisha akageuka. Uso wake ulikuwa mkavu na unang'aa. Akawashukuru mmoja mmoja kwa majina, akamshika kaka yake kichwa kama anashika cha mtoto. Walipomwambia aendeshe wamwone akasema leo hapana, leo anataka kukaa kiti cha abiria aendeshwe kama bosi. Wakacheka sana. Fundi akamwendesha kuzunguka uwanja wa mpira na kurudi.

Fortunatus alirudi baada ya siku chache, peke yake, bila kuitwa. Akasema ataitafuta ya otomatiki hata Mbeya, hata Dar, atafunga bure.

"Ukishafunga, Lameck atauliza kwa nini. Utamwambia nini?"

"Ukweli, mama."

"Ukweli ni kwamba aliliharibu mara mbili. Ya kwanza ameshalia mbele ya watu. Hii ya pili ni maksai wake, fundi, ni mpunga wa watu, na wote wamelala usingizi mzuri kwa sababu yake. Acha niumie mimi tu." Kisha akasema kwa hasira, "Na wewe usije tena na uso huo. Watu wataanza kuuliza."

Nimemlaumu Naomi kwa maneno hayo, na bado namlaumu. Alikuwa na kiburi. Amebebwa miaka arobaini, na sasa akataka yeye awabebe wote, kimyakimya. Lakini nikimkumbuka Lameck siku ile akilia, sijui na mimi ningeanzia wapi.

Naomi akatafuta dereva, akampata Andrea, kijana wa mjini anayeendesha magari ya watu bila kuuliza maswali. Akihitajika anapigiwa simu, asipokuwa na kazi nyingine anakuja. Ngonga wakasema Naomi amekuwa tajiri, ana dereva. Lameck alisikia akafurahi mwanzoni. Baadaye akaanza kuona gari limekaa uani siku tatu, nne, kuku wanataga chini yake, akadhani dada yake bado ana kinyongo kwa lile la kuvutwa na lori. Hakuuliza. Alikuja tu akalifuta vumbi, akaondoka.

Safari za Ipyana zikapungua. Na hata Naomi akifika, Andrea anasubiri nje, anatazama saa, anapiga honi kidogo.

"Zamani ulikuwa unakuja tukaongea," Kisa alisema. "Siku hizi unakuja kunichungulia. Kwa nini huendeshi?"

"Nimezeeka."

Kisa alimtazama mguu, akamtazama usoni. Yeye hakuwahi kupanda gari hilo tangu liliporudi. Akasema, "Siku nikikuita, lakini, usizeeke."

Simu ilikuja asubuhi moja ya mavuno, watu wote wakiwa mashambani. Alikuwa Lusungu, binti wa Kisa. "Mama mkubwa, mama anakuulizia. Njoo. Njoo sasa hivi."

Naomi akampigia Andrea. Andrea alikuwa Tukuyu na mzigo wa mchele. Akampigia Lameck, simu ikaita bila kupokelewa. Baadaye ilijulikana kwamba Lusungu alikuwa amempata mapema, na tayari alikuwa njiani kwa baiskeli, anakanyaga kama kichaa. Mwenye bodaboda wa jirani alikuwa amepeleka abiria.

Basi akachukua funguo akaingia kwenye gari mwenyewe, upande wake wa zamani. Akaushika mguu wa kushoto kwa mikono miwili, akaunyanyua, akauweka juu ya pedali ya tatu. Akalisukuma goti kwa viganja vyote viwili, kwa uzito wa mwili mzima, mpaka pedali ikashuka. Ikabidi aachie mkono mmoja awashe. Injini ikawaka. Akaachia mwingine aingize gia, pedali ikaurusha ule mguu pembeni, gari likaruka mbele likazima. Akaurudisha. Mara hii alilalia goti kwa kifua, akaingiza gia bila kuona aendako, gari likaruka tena, likaingia kwenye migomba, likazima huko. Alijaribu tena humo humo kwenye migomba. Alikuwa akiongea na ule mguu, anaubembeleza, anautukana, anauita majina ambayo watoto waliuita njiani kwenda shule.

"Ee Kyala, Mungu wangu, mara moja tu! Mara moja tu, halafu uuchukue!"

Mwenye bodaboda alimkuta hapo. Alidhani ameumia. Akambeba akamweka kwenye pikipiki, akamwambia ashike kiuno, wakaenda. Walipokaribia nyumba ya Kisa waliwasikia wanawake wakilia, na yule kijana akapunguza mwendo, maana hakukuwa tena na haraka. Alipomshusha, Naomi alimwomba jambo moja tu, asimwambie mtu alikomkuta.

Lameck alikuwa amefika mapema. Kisa alifia mikononi mwake, akiuliza kama Naomi amekuja. Mara ya kwanza Lameck alimwambia yuko njiani. Mara ya pili alimwambia amesikia gari. Alimdanganya, naye alikuwa mtu asiyedanganya.

Siku ya maziko watu walijaa. Wanawake walikaa ndani na barazani, wanaume nje kwenye moto. Mazishi yalipokwisha, ndugu wakakaa pamoja kusema yaliyo moyoni kabla ya kutawanyika, maana wazee hawapendi mtu aondoke msibani na fundo. Fundi Fortunatus alikuwepo, amekuja na mkewe, wamekaa nyuma. Lameck akasimama. Alikuwa amekonda kwa siku mbili tu.

"Dada, nina neno. Gari lilikuwa nyumbani?"

"Lilikuwepo," alisema Naomi kutoka kwenye mkeka.

"Lilikuwa bovu?"

"Hapana. Lilikuwa zima kabisa."

"Funguo?"

"Nilikuwa nazo mimi."

"Mdogo wetu amekuita mpaka pumzi ya mwisho. Nilimwambia nimesikia gari. Gari tuliliweka hapo kwa ajili ya siku kama ile! Ulikuwa unasubiri dereva, Naomi? Siku ya Kisa nayo ulikuwa bosi?"

Nyuma kule Fortunatus akainuka, midomo imefunguka. Naomi alimwona. Akatikisa kichwa mara moja, taratibu, na fundi akasimama hivyo hivyo kama amepigiliwa misumari, mpaka Glory akamvuta shati akakaa.

Naomi akamtazama kaka yake. Alikuwa na maneno machache tu ya kusema na kila mtu pale angeelewa. Lameck angeelewa kwanza, na angeelewa yote, tangu lori mpaka asubuhi ile.

"Nilizembea, kaka," alisema. "Nisamehe."

Manung'uniko yakapita barazani. Mwanamke mmoja akasema chini chini kwamba mali hubadilisha watu. Lameck akajifuta uso kwa kiganja. Kisha, kwa kuwa ni mtu mwema, na kwa kuwa siku zote alimpenda dada huyu kuliko nafsi yake, akamwendea, akainama, akampa mkono mbele ya watu wote.

"Nimekusamehe," alisema.